Seli Zilizozibwa Mdomo

Kosa lilikuwa lake, na alikuwa tayari kulikiri. Siku ya Jumatano aliweka vumbi kwenye sahani za seli saa tatu asubuhi, kama kawaida, kisha akatazama saa ya ukutani, akakumbuka kwamba mumewe anamngoja kliniki, akavua koti jeupe na kutoka mbio. Dawa ya kuzuia, ambayo ilipaswa kumwagwa saa ileile, ilibaki kwenye friji. Aliikumbuka kesho yake akiwa anapiga mswaki. Alifika maabara kabla ya mtu mwingine yeyote, akaimwaga kwenye sahani, na akajifariji kwamba hakuna aliyemwona, na seli hazina mdomo wa kwenda kusema.

Pale kazini walimwita Jicho, maana katika miaka kumi na moja ya kuinamia hadubini hakuna aliyewahi kumkuta amekosea hesabu. Kazi yenyewe ukimweleza mtu haamini kwamba kuna anayelipwa kwa ajili yake. Kampuni ilikuwa imetengeneza jeli ya kutibu vidonda sugu, na ndani ya jeli kulikuwa na vumbi la madini lililosagwa kwa kipimo cha nano, dogo kiasi kwamba maelfu ya punje zake zingejipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Vumbi dogo namna hiyo huua vijidudu vya kidonda vizuri sana. Linaweza pia kupenya ndani ya seli ya mtu na kuvuruga vinasaba, ule urithi ambao seli huutegemea ili kuzaa nyingine kama yenyewe. Vinasaba vikivurugika leo, saratani inaweza kubisha hodi baada ya miaka kumi, wakati hakuna anayeikumbuka jeli wala aliyeiuza. Ndiyo maana vumbi hupimwa kwanza kwenye seli.

Kipimo kilikwenda hivi. Seli zinawekewa vumbi, na saa hiyohiyo zinawekewa dawa ya kuzuia, ambayo inaisimamisha seli katikati ya kujigawa. Inabaki seli moja yenye viini viwili, kama yale mayai ambayo ukiyapasua unakuta viini viwili. Jicho alizitafuta seli hizo juu ya kioo, elfu moja kwa kila kioo, akiangalia kama pembeni ya viini viwili kuna cha tatu, kidogo sana. Hicho cha tatu ni kipande cha urithi kilichovunjika na kuachwa nyuma. Seli zenye afya huwa nacho kwa nadra, nane au kumi katika elfu. Kwa miezi minane vioo vya vumbi vilimpa tisa, kumi, kumi na moja. Safi kabisa.

Jumatatu aliweka chini ya hadubini kioo cha kundi aliloliharibu. Alitaka tu kuhakikisha kwamba kimeharibika, akitupe kwa roho safi. Alipofika seli ya mia mbili akasimama, akarudisha kihesabio kwenye sifuri, akaanza upya. Mwisho wa elfu kilisoma thelathini na nne.

Na kulikuwa na jambo jingine. Ndani ya seli aliona madoa meusi, mengi, yamerundikana kando ya viini. Alifungua droo akatoa kioo cha mwezi uliopita, kile cha tisa katika elfu. Humo madoa yalikuwa nje ya seli, yametapakaa kama makombo juu ya meza. Akachukua cha mwezi wa kabla ya huo. Vilevile. Miezi minane alikuwa akitazama viini tu, kwa sababu viini ndivyo alivyoambiwa atazame.

"Hazikula," alisema kwa sauti, peke yake.

Seli humeza vumbi kwa kujikunja, na hujigawa pia kwa kujikunja. Dawa ya kuzuia hukataza kujikunja. Kila walipomwaga vyote viwili kwa pamoja, walikuwa wanaiwekea seli chakula huku wameiziba mdomo, kisha wanaandika kwenye ripoti kwamba chakula hakina sumu.

Daktari, mkuu wa maabara, hakuwa daktari wa kutibu mtu. Udaktari wake ulikuwa wa vitabu. Alikuwa mpole, mwenye kucheka na wafanyakazi, na kioo chochote cha ajabu kilikuwa kinamwinua kitini kwenda kukitazama mwenyewe. Jicho alimweleza yote, kuanzia friji mpaka ile thelathini na nne.

"Wewe nawe binadamu," Daktari alisema akitabasamu. "Tupa hicho kioo. Andika kundi limeharibika."

"Usingekitazama kwanza, Daktari? Vumbi limeingia ndani."

"Nimesema tupa, Jicho."

Hakuinuka. Hilo ndilo lililomkaa Jicho moyoni kutwa nzima, kwamba hakuinuka.

*

Nyumbani alimkuta mumewe amekaa kwenye ngazi ya mlango, mguu ameunyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamwonyesha mama yake.

"Tazama mwenyewe, mama. Wiki iliyopita kidonda kilikuwa kinatosha kidole gumba. Leo hata kidole cha mwisho hakiingii."

"Usitie vidole vyako vichafu," mama alimkaripia. "Mtu mzima hovyo."

Mume alikuwa fundi wa kuchomea vyuma. Miaka miwili iliyopita kipande cha chuma cha moto kilimwangukia kwenye muundi, na kwa kuwa alikuwa na kisukari, kidonda kiligoma kufunga. Kwa miaka miwili mama yake alichemsha bandeji kwenye sufuria kuukuu, akazianika nyuma ya nyumba ili majirani wasizione. Harufu waliizoea, au walijifanya wameizoea. Watoto waliacha kuleta marafiki nyumbani. Fundi mwenyewe, ambaye zamani alikuwa akitaniana na mtaa mzima, aliacha kwenda msibani na harusini, maana kila alipokaa watu walipata sababu ya kuhamia kiti kingine.

Ilipotangazwa kwamba kliniki inatafuta watu thelathini wa kujaribiwa jeli mpya, fundi alisita. Aliogopa kugeuzwa panya. Jicho ndiye aliyemshika mkono. "Twende," alimwambia siku hiyo. "Vioo vyake nimevihesabu mwenyewe."

Sasa alichuchumaa mbele ya mguu ule akautazama. Nyama ilikuwa ya waridi, imekazana, nzuri. Katika ndoa yao hakuwahi kuombea kitu kama alivyoombea nyama ile iote, na leo aliogopa hata kuigusa.

"Mbona umenuna?" mume alimuuliza. "Au unaona wivu, nitaanza kutembea nikuache nyuma?"

"Nimechoka tu," alisema, akaingia ndani kuvua viatu.

*

Akarudia kipimo, safari hii kwa makusudi, nusu ya sahani akiziwekea vumbi kwanza na dawa kesho yake, nusu nyingine zikibaki bila vumbi. Alikifanya saa za chakula cha mchana, wenzake wakiwa kantini. Lakini kulikuwa na sheria moja ya kazi ambayo hakutaka kuivunja hata kwa siri. Anayehesabu hatakiwi kujua kioo kipi kina vumbi. Macho ya mtu huona kile moyo unachoogopa, na moyo wake ulikuwa unaogopa sana. Alihitaji mtu wa kubandika namba juu ya majina na kuficha orodha.

Aliyekuwepo saa hizo ni Mama Deki, msafishaji.

"Mimi?" Mama Deki aliegemeza ufagio wa maji ukutani. "Mwanangu, mimi hapa haniruhusu mtu hata kugusa meza. Nikifuta tu wananiambia nimehamisha dunia."

"Unabandika vipande hivi vya karatasi tu, mama. Unaandika namba yoyote unayotaka. Halafu orodha unaiweka kwenye bahasha, usinionyeshe hata nikikulilia."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

Mama Deki alinawa mikono mara mbili, akavaa glavu mpya kwa fahari, akakaa kwenye kiti cha kuzunguka ambacho kwa miaka sita alikuwa akikifuta bila kukikalia. Alibandika polepole, ulimi nje, akiwa amempa mgongo Jicho. Bahasha akaisukumia kifuani.

Kuhesabu vioo kumi kulichukua siku tatu. Ijumaa mchana Jicho alimwambia Mama Deki alete bahasha. Waliifungua pamoja juu ya sinki. Vioo vitano visivyo na vumbi: nane, kumi, tisa, tisa, kumi na moja. Vioo vitano vyenye vumbi: thelathini na moja, thelathini na sita, ishirini na tisa, thelathini na tatu, thelathini na tano.

Mama Deki hakusoma shule nyingi, lakini kujua namba kubwa na ndogo hakuhitaji shahada. "Hii ndiyo ile jeli ya mzee wako?" aliuliza.

Jicho alitikisa kichwa kukubali. Akalia kweli, na Mama Deki akamfuta machozi kwa kitambaa cha sinki.

*

Jumatatu Daktari alikuwa na karatasi mbili mezani, kwa maana alikwisha kupata habari. Hakumwambia Jicho akae.

"Nani alibandika namba?"

"Msafishaji."

"Msafishaji!" Alicheka, safari hii bila upole. "Kampuni imewekeza miaka minne, halafu wewe unaniletea sayansi ya mtu wa ufagio."

"Namba alizibandika vizuri, Daktari. Yeye hakuhesabu. Nimehesabu mimi."

"Kipimo chetu kinafuata ukurasa wa sita wa mwongozo. Sumu ya kulinganishia, ile tunayojua kwamba inavunja vinasaba, inaonyesha madhara kila mara. Kipimo kinafanya kazi."

"Sumu ya kulinganishia inayeyuka kwenye maji. Inapenya yenyewe hata seli isipotaka. Vumbi haliyeyuki, lazima limezwe." Alimtazama usoni. "Daktari, wewe unalijua hili kuliko mimi."

Daktari alivua miwani akaifuta. Pengine alichoka kuigiza, au pengine alimwona Jicho kuwa mtu mdogo mno wa kudanganywa. "Tulilijadili, mwaka juzi. Kuweka vumbi kwanza na dawa kesho yake kunaongeza siku moja kwa kila kundi. Makundi arobaini, siku arobaini. Wenzetu wa kampuni nyingine wangetutangulia. Kamati ya usalama haikuuliza, na mwongozo haukutukataza."

Siku moja. Jicho alifikiri amesikia vibaya. Mtu anaoza mguu kwa miaka miwili, anavumilia watu wakimhama, halafu mwenye viatu vinavyong'aa anamwambia hakuwa na siku moja.

Daktari alisukuma karatasi. Ya kwanza ilisema kwamba makundi mawili yaliharibika kwa uzembe wa mhesabu, nayo yamefutwa. Ya pili ilikuwa ukurasa wa mwisho wa ripoti ya usalama, wenye nafasi ya sahihi ya aliyehesabu.

"Mpaka Ijumaa saa sita mchana. Ijumaa wagonjwa wanaandikishwa hatua ya pili, jeli nzito zaidi, kila siku, mwaka mzima." Alirudisha miwani usoni. "Mumeo yumo kwenye orodha, au siyo? Nasikia mguu unaendelea vizuri. Ingekuwa vibaya nafasi yake apewe mtu mwingine."

Jicho alitoka bila kusaini. Jumatano Mama Deki hakuonekana. Alikuja mwanamke mwingine na ufagio uleule, na alipoulizwa alisema yeye kaambiwa tu aje. Vioo kumi havikuwemo kwenye droo, na friji ilikuwa imefungwa kufuli jipya.

*

Aliwaambia nyumbani jioni hiyo, kabla chakula hakijapakuliwa, kwa sababu aliona hawezi kula nao huku amenyamaza. Aliwaambia kuhusu mayai ya viini viwili, makombo, na siku moja. Mama mkwe alisikiliza akiwa ameshika mwiko.

"Kwa hiyo," mama mkwe alisema, "walimpaka mwanangu kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Na hao seli wako walifungwa mdomo."

"Ndiyo."

Fundi hakumtazama mkewe. Alikuwa anautazama mguu. "Wewe ndiye uliyeniambia," alisema. "Nilikataa. Ukaniambia umehesabu mwenyewe."

"Nilihesabu."

"Ulihesabu nini?"

Hakuna tusi ambalo lingemuuma kama swali lile.

"Nikiacha jeli," fundi aliendelea, "kidonda kitafunguka tena. Mama ataanza tena na sufuria lake. Nikiendelea, nina saratani?"

"Sijui. Labda huna, labda hutaipata kamwe. Thelathini na nne katika elfu siyo hukumu. Ni kwamba hakuna anayejua, na wao wameandika kwamba wanajua."

Watoto walichungulia mlangoni, bibi yao akawafukuza kwa mwiko.

"Mimi nikimaliza kuchomea geti," fundi alisema, kana kwamba ameanza habari nyingine, "silipimi likiwa limelala chini. Chini geti lolote ni zima. Nalisimamisha, nalipanda kwa miguu yote miwili, naruka juu yake mbele ya mwenye nyumba. Likivunjika, livunjike na mimi." Akainua macho. "Huyo daktari wako hajawahi kupanda geti lake hata mara moja. Amenipandisha mimi."

"Utafanya nini?" mkewe aliuliza.

"Nitaenda Ijumaa. Nitawahi foleni."

Jicho alifikiri mumewe amechagua mguu, na hakuona kwa haki gani amlaumu.

*

Ijumaa kliniki ilijaa mapema. Watu thelathini walikaa kwenye mabenchi, miguu na mikono imefungwa bandeji nyeupe, wengine wakilinganisha vidonda kama watu wanaolinganisha mazao. Walikuwa na furaha, na hilo lilikuwa gumu kulitazama. Muuguzi alikaa nyuma ya meza akigawa fomu. Daktari alisimama dirishani na mgeni mwenye suti kutoka kamati ya usalama, na alipomwona Jicho kando ya mumewe alimwonyesha saa yake ya mkononi kwa kuigonga kwa kidole. Saa nne na nusu.

Fundi alipofika mezani alivuta fomu, akaisoma neno kwa neno, mdomo ukichezacheza. Nyuma yake watu walianza kuguna.

"Weka sahihi hapo chini, baba," muuguzi alisema. "Wenzako wanangoja."

"Hapa pameandikwa dawa imepimwa na haikuonekana kudhuru vinasaba."

"Ndiyo, baba."

"Seli zilikula?"

Muuguzi alimtazama. "Zilikula nini?"

Fundi alijiziba mdomo kwa kiganja, akabaki hivyo mpaka ukumbi ukaanza kunyamaza. Kisha akakiondoa. "Hivi ndivyo walivyozipima. Walizifunga mdomo, wakaziwekea dawa mbele, wakasema hazikudhurika."

Daktari alikuja kwa haraka. "Mzee, tusitishane. Kama hutaki, kuna watu mia wanaitaka nafasi yako."

"Nani kasema sitaki?" fundi aliuliza. "Mguu huu ni wangu, nimekaa nao miaka miwili, na jeli yako imeusaidia. Huenda nikaichukua hivyohivyo na hatari yake. Lakini iandike hiyo hatari hapa, niione, ndipo nisaini. Hatari naweza kuikubali. Kudanganywa sikubali."

"Unataka tuoze?" mwanamume mmoja alipiga kelele kutoka benchi la nyuma. "Mkifunga mradi huu sisi twende wapi?" Wawili watatu wakamuunga mkono, na mmoja akamwita Jicho mchawi wa riziki za watu. Jicho aliyapokea. Hawakuwa na kosa. Walikuwa wanatetea miguu yao.

"Fomu haina nafasi ya kuandika mambo mengine," Daktari alisema kwa sauti ya chini, akimwangalia mgeni mwenye suti kwa pembe ya jicho. "Ndivyo ilivyochapwa."

Fundi aliigeuza fomu. Nyuma ilikuwa tupu, nyeupe kutoka juu mpaka chini.

"Nafasi hii hapa," alisema, akampa mkewe kalamu.

Jicho aliinama juu ya meza ya muuguzi akaandika kwa mwandiko uleule wa daftari la maabara, bila haraka, kwamba vumbi la jeli hii lilipimwa kwenye seli ambazo hazikuweza kulimeza. Kwamba zilipoachwa zikalimeza, madhara yaliongezeka zaidi ya mara tatu. Kwamba mkuu wa maabara ameelezwa. Chini yake akaandika, nimehesabu mwenyewe. Akaweka sahihi, ileile ambayo Daktari alikuwa ameingoja tangu Jumatatu.

"Umejifukuza kazi," Daktari alimwambia.

"Saa sita haijafika," Jicho alijibu, na hakujua amepata wapi mdomo huo.

Fundi aliisoma tena mbele na nyuma. Hakuisaini. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni, akamwambia muuguzi kwa heshima kwamba anakwenda nayo nyumbani kuifikiria. Mgeni mwenye suti aliuliza jambo, Daktari akamshika kiwiko na kumwelekeza mlangoni, lakini mgeni hakusogea.

Kwenye benchi la mbele alikaa mama mmoja mtu mzima, kisigino chake kimefungwa bandeji mpya. Alikuwa amekwisha kusaini. Aliitazama fomu yake kwa muda, akaigeuza upande mweupe, akamnyooshea Jicho.

"Na yangu mwanangu," alisema. "Niandikie na mimi kama ulivyomwandikia mumeo."

Nyuma yake mtu mwingine akageuza yake. Yule mwanamume aliyepiga kelele alibaki ameshika fomu mikononi, hajui aiweke upande gani. Jicho alikaa kwenye benchi kando ya yule mama, akaiweka karatasi juu ya goti isiteleze, akaanza kuandika.